Nani Aseme Asante? Mjadala wa Imani, Shukrani na Yatima wa Kagera

Januari, shule zinapofunguliwa, vijijini kwetu huja msimu wa hafla za kukabidhi misaada. Mezani hupangwa sare, viatu, madaftari na miche ya sabuni. Mgeni rasmi hukaa katikati, kiongozi wa dini hufungua kwa sala au dua, kisha mtoto mmoja husimama kusoma risala na wenzake wakaghani ngonjera ya kuwashukuru wafadhili. Picha hupigwa. Watu hutawanyika na furaha ya kweli, maana sare zilihitajika na zimepatikana. Ninachotaka kukijadili ni ile risala. Je, imani yetu inaruhusu mtoto aliyefiwa asimame mbele ya umma, alipie sare yake kwa shukrani?

Hoja zinazogongana juu ya jambo hili nimezipa sauti tano: mwinjilisti wa usharika wa Kilutheri, ustadhi wa madrasa, afisa ustawi wa jamii, bibi anayelea wajukuu, na kijana aliyesomeshwa kwa misaada. Hawana majina, kwa sababu si watu watano ninaowafahamu bali ni misimamo inayokutana kila suala hili linapotajwa. Nimewaketisha Muleba, mkoani Kagera, na mahali penyewe pana uzito wake. Mkoa huu ulipitiwa na vita vya 1978 na 1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin, na kabla haujatulia, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania wakagunduliwa humu mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa cha fasheni cha siku zile. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Kati ya miaka hiyo miwili, kizazi kizima cha baba na mama kilipungua vijijini, na kazi ya kulea ikarudi mikononi mwa bibi ambao walishamaliza kulea.

MWINJILISTI: Nianze mimi, maana hafla hizo mara nyingi tunaziandaa sisi. Kwetu mtu akivuna huleta sadaka ya mavuno: mkungu wa ndizi, kuku, mayai, debe la maharage. Baada ya ibada tunanadi pale uwanjani, fedha zinaingia mfuko wa diakonia, yaani wa kuhudumia wahitaji, na humo ndimo zinamotoka sare. Wanaotoa wenyewe ni maskini. Mama aliyetoa kuku wake wa pekee ana haki ya kuona kuku yule amezaa nini, na mtoto akishukuru hadharani, mama yule mwakani atatoa tena. Halafu kuna Neno. Katika Luka 17 wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja tu kushukuru, na Bwana akaulizia wale tisa. Kama Bwana aliiulizia shukrani, mimi ni nani niseme si kitu?

KIJANA: Shikamoo, mzee wangu. Habari ile na mimi nimeisoma sana, kwa sababu nilisomewa sana. Wote kumi walipona wakiwa njiani, kabla hata mmoja hajafungua kinywa. Hakuna palipoandikwa kwamba wale tisa walirudishiwa ukoma. Na yule Msamaria hakuitwa na mtu, aligeuka mwenyewe. Mimi niliitwa. Nilipewa karatasi iliyoandikwa na mtu mzima, nikafundishwa pa kuinamisha kichwa na pa kunyamaza kidogo ili wageni waguswe. Karatasi ilianza kwa kusema sisi ni yatima tusio na mbele wala nyuma. Bibi yangu alikuwa ameketi benchi la mwisho, yeye aliyenilisha tangu nina miaka minne. Risala haikumtaja.

MWINJILISTI: Mwanangu, hatukukusudia kukudhalilisha.

KIJANA: Najua, mzee, wala sisemi mlikuwa na nia mbaya. Viatu mlivyonipa ndivyo vilivyonifikisha kidato cha nne. Lakini darasani, tangu siku ile, nilikuwa yatima kwanza, mwanafunzi baadaye. Na kila aliyesikia risala alijua wazazi wangu walikufa kwa nini.

Hapa niingilie. Maneno ya kijana kuhusu benchi la mwisho yana uzito kuliko yote atakayosema. Risala ile ilifuta miaka kumi ya kazi ya bibi ili nafasi ipatikane ya kumsifu aliyefika na jozi moja ya viatu. Mtoto anayetamka hadharani kwamba hana mbele wala nyuma, huku nyuma yake ameketi mtu aliyemlea, amefundishwa uongo, na amefundishwa na watu wa dini.

USTADHI: Sisi Waislamu hatuna pa kujificha katika hili. Mtume wetu alikuwa yatima: baba yake alifariki kabla hajazaliwa, mama yake akafariki naye ana miaka sita, akalelewa na babu, kisha na ami yake Abu Talib. Sura ya 93 inamkumbusha kwamba Mola alimkuta yatima akampa makazi, na papo hapo inamkataza kumwonea yatima. Sura ya 76 inawasifu wanaolisha maskini, yatima na mfungwa bila kutaka kwao malipo wala shukrani. Na Al-Baqara, aya ya 264, inaonya kwamba masimango na udhia huibatilisha sadaka. Sasa nawauliza wenzangu: tukimsimamisha mtoto uwanjani aeleze dhiki yake mbele ya aliyempa kanzu, hayo si masimango tuliyomtwisha ajisimange mwenyewe?

MWINJILISTI: Ustadhi, umenena. Lakini hata kwenu mmefundishwa kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Tukiacha kuwafundisha hawa watoto kushukuru, tutavuna nini? Wahenga walishasema shukrani ya punda ni mateke.

USTADHI: Ni kweli tumefundishwa hivyo. Ila tazama nani anaambiwa nini. Hadithi hiyo inamwambia aliyepokea. Aya ile inamwambia aliyetoa. Kila mmoja na asome ile iliyomlenga yeye. Tatizo letu ni kwamba mtoaji anaishika hadithi ya mpokeaji, anakwenda nayo mpaka mlangoni kwa mtoto na kumdai. Wahenga haohao walisema tenda wema nenda zako.

Sikumpa ustadhi ushindi kwa kumpendelea. Mwinjilisti naye ana Mathayo 6, ambamo sadaka inatakiwa itolewe kwa siri hata mkono wa kushoto usijue, na anaijua vizuri kuliko mimi. Mapokeo yote mawili yanakubaliana kuhusu mtoaji. Lililobaki ni mtoto, na juu ya mtoto asikilizwe anayelala naye nyumba moja.

BIBI: Waitu, mimi nataka wajukuu wangu washukuru. Msinielewe vibaya. Jirani akimpa ndizi mbivu, lazima aipokee kwa mikono miwili aseme asante. Asipofundishwa hilo atakuwa mtu wa kunyakua. Lakini jirani akishampa ndizi hawaiti watu wa kitongoji waje kutazama anavyoila! Na jambo jingine. Watu wana msemo kwamba yatima hadeki. Kwangu anadeka. Akikataa ugali nambembeleza. Akinuna namwacha anune. Mtoto anayeshukuru kila kitu kila siku, hanuni, hadai, hakatai, huyo anaogopa. Nimewaona wa namna hiyo, wanakaa nyumbani kwa watu kama wageni.

AFISA: Bibi, shikamoo. Naomba nikuulize bila kukukosea heshima. Umezika watoto watatu, na kila ukisimama kanisani unasema unamshukuru Mungu. Mimi kazini kwangu ninaiogopa kauli hiyo. Watu wakishasema Mungu atasaidia, hawaji ofisini. Mtoto anakuwa hana cheti cha kuzaliwa, vyeti vya vifo vya wazazi havijatafutwa, kibanja cha marehemu kimeshachukuliwa na baba mdogo, na mlezi ananiambia anashukuru. Anashukuru nini?

BIBI: Marahaba, mwanangu. Ninashukuru kwa waliobaki. Siwezi kushukuru kwa kuzika, na padri au mchungaji akiniambia nishukuru kwa kuzika nitamwachia kanisa lake. Usiku nikishawafunika hawa watatu ninawahesabu, wakitimia nasema asante, Mungu wangu. Ni yangu na yeye. Unaniuliza vyeti. Nilipokuwa nazika sikuwaza vyeti, niliwaza mikeka na sanda. Sasa nauli ya kwenda wilayani na kurudi ni fedha ya chumvi na sabuni ya mwezi, na ukifika unaambiwa urudi na barua ya mtendaji. Migomba yangu imekaushwa na mnyauko. Aliyetaka kunisaidia angenipeleka huko kwenye vyeti. Hakuna aliyekuja kupiga picha ya safari hiyo.

AFISA: Hapo umenifunga, bibi.

Lakini afisa ana hoja ambayo sitaki ipotee kwa sababu ya upole wa bibi. Yatima anayeomba mkopo wa elimu ya juu anatakiwa awasilishe cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Bila karatasi hiyo, mtoto aliyepewa sare kila Januari tangu darasa la kwanza anafika mlango wa chuo kikuu akiwa si yatima machoni pa Bodi ya Mikopo. Sare zote zile zimemsindikiza hadi hapo na kumwacha. Ardhi nayo ina hadithi yake hapahapa Muleba. Mwaka 1988 Holaria Pastory aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa mtu asiye wa ukoo. Bernardo Ephrahim, mtoto wa ndugu yake, akaenda mahakamani kupinga, akitegemea mila za Kihaya zilizomnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume kuuza ardhi aliyorithi, na mauzo yakabaki halali. Binti yatima anayefukuzwa kwenye kibanja cha baba yake leo ana hukumu hiyo nyuma yake. Kama mzee wa kanisa au imamu angeenda naye barazani kuisema, angempa kitu kisichochakaa kwa kufuliwa.

USTADHI: Na anayekula mali ya yatima, An-Nisaa aya ya 10 imemweleza kwamba anakula moto tumboni mwake. Nakiri kwamba mimbarini tunaisoma aya hiyo, lakini baba mdogo mwenyewe amekaa safu ya mbele na hatumwambii kitu baada ya swala.

MWINJILISTI: Haya yote nayakubali. Ila msitusahaulishe jambo moja. Ugonjwa ulipoingia, majirani walipoogopa hata kushika kikombe cha mgonjwa, waliokwenda kumwosha na kumgeuza walikuwa wanawake wa jumuiya, wakiimba na kusali. Hakukuwa na mradi. Hakukuwa na posho. Kilichowapeleka ni imani. Mkiondoa imani mkaacha sheria na fomu, nani atamjulia hali mtoto akiumwa usiku? Na wafadhili wa mbali wanataka picha na barua ya mtoto. Tusipopeleka, fedha zinakatika. Nifanye nini?

AFISA: Mzee, hakuna anayetaka imani iondoke. Tena mimi bila nyinyi sifiki vitongojini, maana kata moja ina mamia ya kaya na mimi ni mmoja. Ila tutenganishe mambo mawili mliyoyachanganya. Mwenye kutoa ana haki ya hesabu. Aambiwe zimeingia kiasi gani, zimenunua nini, nani amekabidhiwa. Hiyo inasomwa na mtunza fedha na kusainiwa na mlezi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatutaka sote kuweka mbele maslahi ya mtoto, na sioni maslahi gani ya mtoto yanatimizwa kwa sura yake kubandikwa kwenye kalenda ya mtu asiyemjua.

KIJANA: Na mfadhili akisisitiza picha?

AFISA: Apelekewe picha ya vyeti, ya madawati, ya paa la nyumba ya bibi. Akikataa hata hizo, alikuwa ananunua picha.

Kauli hiyo ya mwisho ni kali, lakini naiunga mkono. Naunga mkono pia hofu ya mwinjilisti, kwa kuwa wanawake wale waliowaosha wagonjwa wanastahili kukumbukwa kila jambo hili linapozungumzwa. Na tazameni: wao hawakuomba risala. Wale waliokuwa wakioshwa walikuwa hawana hata nguvu ya kusema asante. Kazi kubwa kuliko zote iliyofanywa kwa imani katika mkoa huu ilifanyika bila shukrani ya aliyetendewa, na hilo halikuipunguzia chochote.

Sasa niseme ninakosimama. Watafiti Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walitumia takwimu za kaya za Kagera zilizokusanywa kuanzia 1991 hadi 1994, watoto walewale wakatafutwa tena mwaka 2004 wakiwa wakubwa. Waliofiwa na mama wakiwa wadogo walipungukiwa, kwa wastani, kama sentimita 2 za kimo na mwaka mmoja wa shule. Pengo hilo halikuzibika. Mimi nikizisoma sentimita hizo mbili ninaona deni. Mtoto huyu ametunyima nini hata tumtoze shukrani? Ni yeye aliyepungukiwa, na jamii nzima ilimtazama akipungukiwa.

Na tunajua msaada usiodai risala unavyofanya kazi, maana upo. Nshamba, hukohuko Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa pensheni ndogo wazee wanaolea wajukuu. Fedha inakabidhiwa kwa bibi, yeye ndiye anayeamua, na tathmini yao ya 2008 ilipewa jina la vitu walivyonunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Zanzibar ilikwenda mbali zaidi. Aprili 2016 kila mkazi mwenye miaka 70 na kuendelea alianza kupata shilingi 20,000 kwa mwezi, awe tajiri au fukara. Mjukuu wa bibi wa namna hiyo anavalishwa viatu na bibi yake. Akitaka kushukuru, anajua anamshukuru nani, na bibi yumo ndani ya nyumba.

KIJANA: Niongeze moja kabla hatujafunga. Mwaka niliomaliza ufundi, kwa mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia bibi blanketi, halafu nikapeleka kuku usharikani siku ya mavuno. Hakuna aliyeniambia nifanye. Mwinjilisti alimnadi bila kujua ametoka kwa nani.

MWINJILISTI: Ulikuwa wewe?

KIJANA: Nilikuwa mimi, mzee.

BIBI: Mimi nilijua. Blanketi nililiona, na kuku nilisikia habari zake.

Kwa hiyo simwambii mtoto asishukuru. Bibi ana haki kumfundisha mikono miwili na neno asante, kama anavyofundishwa mtoto yeyote mwenye wazazi wake. Ninachokipinga ni shukrani inayoandikiwa na watu wazima, inayofanyiwa mazoezi, inayosubiriwa kabla viatu havijatoka mezani. Deni la shukrani hadharani ni letu sisi watu wazima tuliobaki hai: tumshukuru Mungu kwa afya na mavuno, na tuwashukuru bibi kwa kutaja kazi yao mbele ya watu.

Nawaomba wazee wa usharika, kamati za misikiti na jumuiya ndogondogo ambazo tayari zina sare stoo: zipelekeni nyumbani kwa walezi kabla shule hazijafunguliwa Januari. Mtunza fedha asome hesabu ya mfuko Jumapili au Ijumaa, bila kutaja jina la mtoto. Fedha iliyokuwa ilipie maturubai, spika na chakula cha mgeni rasmi igeuzwe kuwa nauli na ada za vyeti, na kila mlezi apewe mtu mmoja anayejua kusoma na kuandika wa kumsindikiza kwa mtendaji, kisha wilayani, hadi vyeti vya vifo na vya kuzaliwa vipatikane. Anzeni na kaya zenye mtoto aliye kidato cha tatu, kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa vyeti mapema.